Nusu Maili: Pale Mlima Unapoanzia

Kwetu Kilema, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mtu akiondoka alfajiri na panga na kamba, hakuna anayesema kaenda hifadhini. Watu husema kaenda nusu maili. Hata mtoto ambaye hajawahi kufundishwa maili ni kipimo gani anaijua ilipo: pale migomba inapokoma, njia inapoanza kupanda kwa nguvu, na harufu ya moshi wa jikoni inapoiachia nafasi harufu ya majani yaliyolowa. Ramani zimechorwa upya mara kadhaa na wenye mamlaka wamebadilika, lakini jina limegoma kuondoka.

Naandika juu ya nusu maili kwa sababu nimechoshwa na kilele. Karibu kila makala ya Kilimanjaro huanza na mita 5,895 na kuishia na picha ya mtu aliyekumbatia ubao pale Uhuru, midomo imepasuka kwa baridi. Sina ugomvi na wapandaji. Ndugu zangu kadhaa wamesomesha watoto kwa kuwabebea mizigo, na bila wagumu, yaani wapagazi, wa njia za Marangu, Machame na Umbwe hakuna mgeni ambaye angefika hata nusu ya njia. Lakini ukikaa chini ya mlima, kilele ni cha kutazama asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Kinachoamua kama maharage yataiva leo, kama ng'ombe wa zizini atakula, kama mfereji utafika shambani, ni ule ukanda mwembamba wa miti ulio kati ya kihamba cha mwisho, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, na msitu mkubwa.

Historia yake fupi ni hii. Wajerumani, mwanzoni mwa karne ya 20, waliutangaza mlima na misitu yake kuwa hifadhi ya wanyama. Waingereza walipoichukua Tanganyika wakautangaza msitu kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1921. Basi kukawa na mstari: chini yake vihamba vya Wachagga, juu yake mali ya serikali. Taabu ya mstari ule haikukawia. Watu walikuwa wanaongezeka. Kahawa ilikuwa imeingia na kuotea kila kipande cha ardhi. Ushirika wa KNCU uliundwa mwaka 1933, na wakati huo kahawa ilikuwa tayari ndiyo ada, sare na bati la nyumba. Huko chini, mashamba makubwa ya walowezi yalikuwa yamekwisha kukata sehemu nzuri za kuelekea tambarare. Mchagga akabanwa juu na chini. Alihitaji fito, nguzo, mbao, kuni na majani ya mifugo, na sehemu kubwa ya hivyo vyote ilikuwa ng'ambo ya mstari.

Mwaka 1941 likaja wazo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo la busara kuliko yote ambayo serikali yoyote imewahi kuyatekeleza kwenye mlima huu. Ukanda wa upana wa nusu maili, yaani kama mita 800, ulitengwa kwenye ukingo wa chini wa msitu, ukapita juu ya vijiji, na usimamizi wake ukakabidhiwa kwa utawala wa Wachagga wenyewe. Ndani yake ikapandwa miti ya kutumika: misindano, misaipresi, mikaratusi, migrivea. Wananchi wakapata kuni, fito na majani kwa utaratibu unaoeleweka. Mbao zikavunwa na kuuzwa, na faida ikaonekana huku huku mlimani. Msitu wa asili, ulio juu ya ukanda, ukaachwa upumue.

Hakikuwa kitendo cha huruma. Bwana misitu wa kikoloni alikuwa anailinda mali ya serikali yake, na njia rahisi ya kuilinda ilikuwa kumpa jirani kitu cha kwake cha kulinda mbele yake. Mtu mwenye miti yake nusu maili ana sababu ya kumsimamisha mgeni anayepita na msumeno kuelekea juu. Asiye na kitu pale anamsalimia tu na kumwacha apite.

Kuna mzee jirani yetu ambaye baba yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiitunza miti hiyo enzi za mamangi, machifu wetu wa zamani. Nilipomwendea na maswali yangu alinikaribisha mbege kwanza, pombe yetu ya ndizi, akanitazama kama mtu anayejiuliza kwa nini kijana wa mjini anahangaika na mambo ya misindano.

"Mzee, zamani watu hawakuwa wanaiba miti?"

"Waliiba, mwanangu. Watu ni watu. Ila siku zile ukikata mti bila ruhusa, humkimbii askari. Unamkimbia baba mkwe wako."

"Kwa nini baba mkwe?"

"Kwa sababu na yeye anasubiri zamu yake. Umemlia mti wake. Jumapili utakaa naye kanisani, utasema nini?"

Nimesoma ripoti kadhaa za uhifadhi shirikishi, nyingine nene kama Biblia, na sidhani kuna iliyolieleza jambo hilo vizuri kuliko mzee huyu.

Wachagga walijua mpaka ni kitu gani tangu hapo. Kati ya kihamba na kihamba hapakujengwa ukuta, palipandwa masale. Ni mmea wa kawaida ukiutazama, majani marefu ya kijani yasiyo na maringo, lakini kuung'oa ni kosa ambalo ukoo mzima utakuja kulijadili. Na jani hilo hilo la mpakani ndilo mtu hulishika anapokwenda kuomba msamaha kwa aliyemkosea. Ukinyooshewa isale ni vigumu kukataa. Yaani kitu kinachowatenganisha majirani ndicho kinachowapatanisha. Sidhani waliotenga nusu maili walikuwa na masale kichwani, ila kwa bahati walitengeneza mpaka wa namna ambayo Mchagga aliuelewa mara moja: mpaka wenye upana, unaomea, na ambao pande zote mbili wana kazi nao.

Baada ya uhuru, ukanda ukaanza kuhamishwa hamishwa kama mtoto wa kambo. Mwaka 1962 uliondoka mikononi mwa utawala wa kichifu, ukaenda kwenye halmashauri ya wilaya. Mwaka 1972, halmashauri zilipofutwa nchini kwa sera ya madaraka mikoani, ukawa wa serikali kuu. Halmashauri zikarudishwa miaka ya 1980, na ukanda nao ukarudishwa. Kila aliyeupokea aliiona mbao. Walioona haja ya miche walikuwa wachache. Misindano iliyokomaa ilivunwa, sehemu nyingine hazikupandwa tena, na pale pasipopandwa pakaingia mahindi, viazi na vichaka. Kijiji kilichokuwa kikimwogopa baba mkwe kikabaki kumwogopa mtu wa ofisini, naye mtu wa ofisini huenda likizo.

Wakati huo huo, hifadhi ya taifa ilikuwa imezaliwa juu kabisa. Ilitangazwa mwaka 1973 na kufunguliwa rasmi 1977. Wengi hawajui kwamba hifadhi ile ya mwanzo haikuwa na msitu wa kutosha kuitwa msitu. Ilianzia kama mita 2,700, pale miti mirefu inapoishia, ikachukua nyika ya juu, jangwa la mawe na barafu, pamoja na shoroba sita tu zinazoshuka kupitia msituni kwa ajili ya njia. UNESCO ilipouingiza mlima kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, ilichoingiza ni eneo hilo la juu, kilomita za mraba 755. Msitu uliobaki ulikuwa wa idara nyingine, na nusu maili ya wengine tena. Mlima mmoja, waangalizi watatu, na kati yao mwanya wa kutosha lori kupita.

Na malori yalipita. Marufuku ya kukata miti ya asili ilikuwepo tangu miaka ya 1980, lakini mwaka 2001 watafiti walipouzunguka mlima kwa ndege ndogo wakihesabu kila uharibifu walioweza kuuona, walikuta maelfu ya miti ya asili imekatwa karibuni. Ripoti yao, iliyotolewa mwaka 2002 na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, inaorodhesha matanuri ya mkaa, mashamba ndani ya msitu, na sehemu za nusu maili ambazo hazikuwa tena na miti ya kupigia mfano. Mti ulioumia kuliko yote ni mkulo. Kama bibi yako alikuwa na kabati ambalo ukilifungua linanukia kafuri na halijawahi kuguswa na mchwa, basi unaujua mkulo hata kama hujauona umesimama. Ukiukata, hautarudi kwa umri wako wala wa mwanao.

Kwa hiyo mwaka 2005 serikali ilipouingiza msitu wote ndani ya hifadhi ya taifa, na eneo la hifadhi likapanuka hadi zaidi ya kilomita za mraba 1,600, hoja haikuwa ya kipuuzi. Waangalizi watatu walikuwa wameshindwa. Akawekwa mmoja mwenye silaha. Ukataji mkubwa wa mikulo ulipungua. Anayesema upanuzi ule haukuleta lolote jema hajapanda huko siku za karibuni. Mimi nimepita kwenye njia ya Marangu nikaona mbega wakirukaruka kwenye miti ambayo, kwa hesabu za 2001, ingekuwa imeshakuwa vitanda. Minde, yule swala mweusi wa misitu yetu ambaye hapatikani nje ya Tanzania, bado yumo humo, ingawa kumwona ni bahati ya mtu mmoja kwa kizazi.

Tatizo ni kwamba nusu maili nayo ilimezwa. Ukanda uliobuniwa mahususi ili pawepo kitu kati ya watu na hifadhi ukawa sehemu ya hifadhi, na hifadhi ya taifa, kwa sheria zake, si mahali pa kuvuna. Tukarudi mwaka 1921: mstari. Huku migomba, kule askari.

Athari zake hazikuonekana kwa wakubwa kwa sababu ziliangukia wanawake. Mkoa wa Kilimanjaro una watu 1,861,934 kwa sensa ya 2022, na sehemu kubwa yao wamejazana kwenye ukanda wa migomba na kahawa. Huku juu ng'ombe hachungwi. Anafungiwa ndani na kuletewa majani. Mzigo wa majani ya ng'ombe mmoja wa maziwa kwa siku unazidi uzito wa mtoto wa shule. Kihamba kilichogawanywa kwa vizazi vitatu hakina majani hayo. Hakina kuni za kuchemsha maharage ya kiburu pia, achilia mbali Desemba, tunaporudi wote kutoka Dar na Arusha na kila nyumba ina sufuria tatu mafigani kutwa nzima. Kwa nyakati mbalimbali zimetolewa ruhusa kwa akina mama kuingia kuokota kuni kavu siku maalumu. Ni afadhali kuliko kufungiwa kabisa, lakini ruhusa ni kitu cha kutolewa na kuondolewa. Haimfanyi mtu kuwa na chake pale.

Siku hizi jibu linalotolewa haraka ni gesi. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa miaka kumi unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Ni jambo jema, na macho ya mama zetu yatashukuru. Ila mtungi haumlishi ng'ombe. Wala haufiki mtaa wa juu kwa bei ile ile ya stendi ya Himo. Shangazi yangu ana mtungi; anautumia chai ya asubuhi na wageni wanaokuja ghafla. Maharage anapika kwa kuni, na ukimuuliza sababu anakujibu kwa hesabu ya pesa ambayo hutaweza kuipinga.

Sasa nije kwenye maji, maana hapa ndipo watu wa kilele na watu wa migomba wanapokutana bila kujua.

Dunia nzima inalilia barafu ya Kibo, kilele kikuu cha mlima, na kweli imekwenda: tangu ilipopimwa 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Ni huzuni. Lakini mifereji yetu haikuwa inaisubiri barafu. Kileleni ni jangwa, mvua yake haijazi ndoo. Mvua kubwa ya Kilimanjaro hunyesha katikati ya msitu wa kusini, karibu na mita 2,200, na juu yake kuna miti ya mierika iliyovaa ndevu za kuvumwani na kunasa ukungu, tone kwa tone, mchana na usiku. Andreas Hemp, mtafiti Mjerumani aliyetumia miongo kadhaa kuichunguza mimea ya mlima huu, alionyesha kwamba kuungua kwa misitu hiyo ya juu kumetunyima maji mengi kuliko kuyeyuka kwa barafu. Matokeo hayo yalipaswa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi ya kata. Msitu ndio tangi. Kutoka humo hutiririka Kikafu, Weruweru, Karanga, Rau na wenzake, na maji hayo ndiyo yanayokwenda kuwa mto Pangani, yakipita Nyumba ya Mungu na kusukuma mitambo ya umeme ya Hale kabla ya kufika baharini. Upande wa Kenya, vinamasi vya Amboseli ambako tembo wanapigwa picha na mlima nyuma yao hunyweshwa na maji yaliyozama kwenye mlima huu huu, na bomba la Nolturesh huyachukua kutoka karibu na Loitokitok kuelekea Kajiado na Machakos.

Mifereji yenyewe Wachagga waliichimba karne nyingi kabla ya mhandisi wa kwanza kuleta darubini yake. Kila mfereji una ukoo, una wazee, una zamu, na una kiingilio chake, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni. Viingilio vingi viko juu, msituni. Maana yake ni kwamba leo kichwa cha mfereji kiko hifadhini na mkia wake uko kwenye kahawa. Wanaotoka na majembe kwenda kuzibua matope wanahitaji kueleweka huko juu kuwa ni wenye maji, si wahalifu.

Na moto. Tarehe 11 Oktoba 2020 uliwaka eneo la Whona, pale wapandaji wanapopumzika kati ya kambi za Mandara na Horombo. Kwa siku kadhaa usiku tuliuona mlima una mkufu mwekundu. Kabla haujazimwa ulikuwa umeteketeza kama kilomita za mraba 95, kwa kiasi kikubwa mierika na nyika, yaani kofia ya lile tangi. Oktoba 2022 moto ukarudi, safari hii upande wa Karanga. Bibi zetu walisimulia kwamba Mawenzi, kilele cha pili, alikuwa na tabia ya kwenda kuomba moto kwa ndugu yake Kibo mpaka Kibo akachoka akampiga, ndiyo sababu kichwa chake kimechakaa vile. Siku hizi moto unakwenda wenyewe bila kuombwa.

Nani waliuzima? Askari wa hifadhi, zimamoto, wanafunzi wa Chuo cha Mweka ambao wamesomea kuishi na wanyama na wakajikuta wanapigana na moshi, na mamia ya watu wa kawaida, wagumu na wanakijiji, wenye matawi na majembe. Helikopta hutangazwa, mwenye jembe ndiye anayelala kwenye majivu. Nilipata kumsikia kijana mmoja wa kijijini akisema, bila hasira, kwamba alipanda kwa sababu mjomba wake ni mgumu na moto ule ulikuwa unaunguza kazi yake. Sawa, hiyo ni sababu. Ila wale wasio na mjomba? Huwezi kumfungia mtu mlango mwaka mzima halafu Oktoba ukaja kumgongea saa nane za usiku.

Wenzetu Kenya wamejaribu njia nyingine za mpaka, na inafaa kuzitazama kabla ya kujisifu au kujilaumu. Mwaka 1986 walianzisha Nyayo Tea Zones, ukanda wa chai uliopandwa pembezoni mwa misitu ya milimani ili shamba la mtu lisigusane na msitu wa serikali. Wazo ni lile lile la nusu maili, tofauti ni kwamba chai ni ya shirika na mwanakijiji anapita kama kibarua. Kwenye Aberdare wakaweka uzio wa umeme, kazi iliyoanza 1989 na kukamilika 2009, karibu kilomita 400 kuzunguka mlima. Watu wa Nyandarua na Nyeri waliokuwa wakikesha kufukuza tembo kwenye viazi wanausifu, na siwezi kuwabishia. Mtu aliyelala usingizi ana haki ya kuusifu ukuta. Kitu ninachokitamani zaidi kutoka kwao ni vyama vya misitu vya jamii, vilivyopewa nafasi na sheria yao ya misitu ya 2005. Mwanachama analipa ada, anapata kuni na malisho kwa kibali, naye anapanda na kulinda. Vina ubovu wake, fitina za uongozi na ada zisizojulikana zinakoishia. Hata hivyo mwanakijiji ana karatasi mkononi.

Hapa kwetu uzio wa umeme haungefaa hata tungekuwa na pesa. Upande wa kusini tembo si tatizo letu kubwa. Upande wa kaskazini magharibi tembo wanahitaji kupita, sio kuzuiwa: ushoroba wa Kitendeni ndio njia yao kati ya Kilimanjaro na Amboseli, na umeshakuwa mwembamba vya kutosha. Huko kaskazini, Rongai na Kilimanjaro Magharibi, hadithi ni nyingine kabisa. Kuna mashamba makubwa ya miti ya serikali, na watu hulima karoti, viazi na maharage katikati ya miche mpaka miti inapokuwa na kivuli, kisha wanahamia kitalu kingine. Mfumo huo una marafiki na maadui wengi, na unastahili makala yake. Nautaja tu ili kuonyesha kwamba kwenye mlima huu huu serikali inajua namna ya kumruhusu mtu alime chini ya mti wa umma bila dunia kwisha.

Jambo moja zaidi kuhusu kudharauliwa kwa sehemu za chini. Mwaka 2016 Hemp na wenzake walitangaza kwamba mti mrefu kuliko yote iliyowahi kupimwa Afrika uko Kilimanjaro: mkukusu wa mita 81.5. Wageni maelfu kwa maelfu walikuwa wamepita juu ya kichwa chake wakikimbilia kilele, na hakuna aliyejua. Mikukusu haikai karibu na barafu. Inakaa kwenye mabonde yenye rutuba ya msitu wa chini, upande wa kwetu.

Wabunge wa majimbo ya mlimani wamekuwa wakiulizia nusu maili bungeni, na kila kampeni ina ahadi yake. Kuna wanaosema irudishwe, kuna wanaosema ikirudishwa itakwisha. Nimezisikiliza kambi zote mbili, na wa kwanza wananitia wasiwasi kuliko wa pili. Wengi wanaosema irudishwe, ukiwapa kikombe cha pili cha mbege wanakuambia ukweli: wana vijana wanne na kihamba kimoja. Wanataka ardhi. Nawahurumia, mimi mwenyewe nimegawiwa kipande ambacho ukilala vibaya miguu inaingia kwa jirani. Lakini nusu maili ikigeuka vihamba, kizazi kimoja tu kitapumua, halafu mstari utakuwa umepanda mita 800 juu na wajukuu watakuwa wanaidai nusu maili nyingine.

Ninachokitaka ni miti irudishwe kwa watu, udongo ubaki wa umma. Ukanda ule utolewe kwenye sheria ya hifadhi ya taifa na uwekwe chini ya Sheria ya Misitu ya 2002, ambayo tayari inaruhusu vijiji na serikali kusimamia msitu kwa pamoja. Kusiwe na nyumba wala jembe la mahindi. Kandokando ya mito ipandwe ya asili tu, mikulo na mikukusu ikiwemo, isiguswe. Penginepo iwe miti ya kuvunwa kwa zamu, na kijiji kisichopanda kisivune. Majani ya ng'ombe yakatwe chini ya miti mwaka mzima, kwa kadi ambayo mama anakaa nayo nyumbani. Fungu la mapato liende moja kwa moja kwenye kamati za mifereji, kwa sababu hao ndio watu pekee huku juu ambao wamethibitisha kwa mamia ya miaka kwamba wanaweza kugawana kitu adimu bila kuchinjana. Wazee wa mifereji mingi ni wanaume watupu. Hapo pabadilishwe, maana anayejua hali ya nusu maili wiki hii ni yule aliyebeba mzigo kutoka huko juzi.

Nilimsomea mzee jirani mpango wangu wote. Alisikiliza hadi mwisho, akapangusa midomo, akauliza jambo ambalo sikuwa nimeliandika: miche itatoka wapi? Vitalu vya zamani vya nusu maili vilikuwa na mabwana miche wanaolipwa, vilikuwa na maji, na vilianza kuotesha mwaka mzima kabla ya mvua za masika. Akasema tukipewa ukanda leo asubuhi, kitu cha kwanza tutakachokosa ni mche, cha pili ni mtu wa kuumwagilia Januari. Kisha akanionyesha nyuma ya nyumba yake, chini ya migomba, viriba vya plastiki alivyovipanga mwenyewe. Ni mruka na mringaringa, na vingine vya msesewe, kwa sababu, alisema, mbege bila msesewe ni uji.